Dhambi Ambayo Asafu Hakuitenda

Waliotutangulia katika imani wamesimulia, nasi tumeipokea kwao, kwamba katika miaka ile uamsho ulipoingia mara ya kwanza kwenye vijiji vya milima ya Ukaguru, aliishi huko mja mmoja mwema, jina lake Asafu, mchonga mizinga ya nyuki. Alikuwa mtu mpole, wa maneno machache, aliyempenda mkewe Loisi na kumcha Mungu tangu ujana wake. Na wema wake huo, Mungu atusamehe kusema hivi, ndio uliomtia mashakani.

Siku zile waamini walikuwa na desturi. Kila Alhamisi alasiri walikusanyika katika nyumba ya shule, na aliyeguswa na Roho alisimama akaitaja dhambi yake waziwazi mbele ya watu wote. Aliyeiba jembe alikuja na jembe begani. Aliyemsengenya jirani alimgeukia jirani akamwambia. Kisha watu waliimba, wakamkumbatia, na tangu siku ile aliitwa ndugu. Mama mmoja aliungama kwamba kuku wa kasisi aliyepotea siku ya Pasaka hakuchukuliwa na kicheche, na kasisi akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akaimba kuliko wote.

Asafu alikaa, akasikiliza, akalia pamoja na waliolia. Lakini kila alipojichunguza hakuona kitu cha kusimama nacho. Alhamisi moja alisimama akasema amemkasirikia mbuzi wake. Alhamisi nyingine akasema alisinzia wakati wa mahubiri. Watu walikohoa. Wimbo ulianza kwa sauti mbili tatu, ukafia njiani.

Mwalimu Hezroni, aliyeongoza ushirika ule, alimfuata nje akamshika mkono.

"Ndugu Asafu, kila wiki unatuletea vumbi la juu ya mzigo. Mzigo wenyewe uko wapi?"

"Nimeutafuta, mwalimu."

"Hata Farisayo alitafuta," akasema Hezroni kwa upole, "akakosa."

Neno lile lilimwingia Asafu. Alirudi nyumbani akiligeuza na kuligeuza. Kama nina dhambi kubwa nisiyoiona, alijiambia, basi mimi ni kipofu. Na kama sina, mbona Roho amewagusa wote akanipita mimi? Yote mawili yalimtisha, na hakujua lipi limtishe zaidi. Siku sita alichonga mizinga bila kuona anachokichonga, na mmoja aliutoboa mlango pande zote mbili.

Siku ya saba, Alhamisi, alijikuta amesimama, na kinywa chake kikasema, "Mimi ndiye niliyeurina mzinga wa Mama Keziya."

Ifahamike kwamba miaka tisa kabla ya hapo, mzinga alioachiwa mjane Keziya na marehemu mumewe ulirinwa na mkono usiojulikana. Asali yote ilichukuliwa, mfuniko ukatupwa chini, na nyuki wakahama. Kwa watu wa milima ile, kugusa mzinga wenye alama ya mwenzako ni jambo linalofunga milango ya ujirani. Mama Keziya alimshuku shemeji yake Lugome, ndugu wa marehemu, kwa kuwa alionekana karibu na mzinga ule juma lile. Hakumsalimu tena. Na Lugome, kwa kuyachoka macho ya watu, aliacha kuja kanisani.

Haya Asafu aliyajua kama kila mtu alivyoyajua. Kwa nini aliichagua dhambi ile na si nyingine, baadaye hakuweza kueleza. Labda ni kwa kuwa ilimfaa mchonga mizinga, kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake.

Nyumba ya shule ililipuka kwa nyimbo. Mwalimu Hezroni alimkumbatia akilia. Asafu naye alilia, na kwa kitambo alihisi furaha ambayo hakuwahi kuihisi, furaha ya mtu aliyekaribishwa ndani baada ya kusimama mlangoni muda mrefu. Kisha Mama Keziya akaja mbele, akasimama karibu naye.

"Asali ilikuwa nyeusi au nyeupe?"

"Nyeusi," alisema Asafu.

"Nimekusamehe," akasema Mama Keziya, akarudi kukaa.

Nyumbani Loisi alikuwa akipepeta mahindi. Hakuinua uso.

"Nasikia umekuwa mwizi, Baba Eliada."

"Nimeungama."

"Mwaka ule ulikuwa kwa wajomba zako mwezi mzima, unawachongea mizinga. Niliachwa na mtoto mgonjwa, nakumbuka vizuri sana. Sasa uliiba kwa miguu ya nani?"

Loisi alipepeta, akapepeta, kisha akaweka ungo chini.

"Mimi sikuolewa na mwizi," alisema. "Na mwongo sikuolewa naye pia. Sijui huyu aliyeingia leo ni nani."

Asafu alikusudia kuyasahihisha mambo Alhamisi iliyofuata. Lakini Jumapili, kabla ya hapo, Mama Keziya alipika kuku, akaenda mpaka kwa Lugome akiwa na sufuria kichwani, akamwomba radhi mbele ya watoto wake. Walikula pamoja. Jumapili ya pili Lugome aliingia kanisani kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa, akakaa nyuma kabisa, amepakata kofia yake. Alipopeana mkono na Asafu nje, akasema neno moja tu: "Umenirudisha."

Hapo ndipo Asafu alipochanganyikiwa kabisa. Alifundishwa kwamba uongo ni wa Ibilisi, na kwamba mti mbaya hauzai matunda mema. Mbona basi matunda haya? Mjane analala kwa amani. Aliyefukuzwa na macho ya watu amerudi nyumbani mwa Bwana. Akisema kweli, watu watauliza mwizi ni nani, na macho yatarudi kule kule yalikotoka. Akinyamaza, anaishi juu ya uongo. Aliomba mwanga, lakini mwanga haukuja.

Badala yake akaja Mwalimu Hezroni. Alimchukua wakazunguka vijiji vitatu ili Asafu ashuhudie toba yake. Na kila aliposhuhudia, uongo ulizidi kunona. Katika kijiji cha kwanza alisema alirina akiwa na hofu. Katika cha pili alikuwa na mwenge uliozimika mara mbili. Katika cha tatu nyuki walimuuma usoni, na watu wakalia kwa huruma. Kisha Hezroni akamwambia kwamba mwisho wa mwezi kutakuwa na mkutano mkubwa, mamia ya watu, na Asafu atasimama wa kwanza.

Tangu siku hiyo Asafu hakuweza kusali. Alianza Sala ya Bwana, na alipofika penye maneno jina lako litukuzwe, ulimi ulisimama. Alirudia mwanzo. Ulisimama pale pale.

Asubuhi moja aliacha kazi yake, akaenda kwa Mama Keziya. Alimkuta akipalilia kunde.

"Mama, sikuurina mzinga wako."

"Najua," alisema Mama Keziya, naye akaendelea kupalilia. "Mzinga ule haukuwahi kutoa asali nyeusi hata siku moja. Mchonga mizinga mzima, ungebahatisha vizuri zaidi."

Asafu alikaa chini penye majani. "Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Miaka tisa natafuta njia ya kwenda kwa shemeji, na aibu imekaa mlangoni. Wewe ukasimama, aibu ikaondoka kidogo. Nikapita."

"Basi na wewe ulidanganya."

"Mimi nilimwomba radhi kwa kumnyima salamu miaka tisa. Kama huo ni uongo, nionyeshe ulipo."

Asafu aliutafuta, hakuuona. "Ni yeye aliyeurina?"

"Sijui. Sikumuuliza, wala sitamuuliza."

"Nikisema kweli watu watamgeukia tena."

"Watamgeukia."

"Basi ninyamaze?"

Mama Keziya alinyooka, akafuta jasho kwa mkono wenye udongo. "Asafu, mimi sijui. Ningekuwa najua mambo hayo ningekuwa askofu. Hilo la kusema ni lako wewe. La Lugome niachie mimi."

Inasemekana aliondoka pale na maswali mengi kuliko aliyokuja nayo. Lakini alijua jambo moja, dogo tu: kwamba hawezi tena kulitaja jina la Mungu kwa kinywa kile kile mpaka kinywa kile kiseme kweli. Hakujua kama ni sawa kwa watu wengine. Alijua hawezi.

Alhamisi ikafika. Nyumba ya shule ilijaa. Lugome alikuwepo, nyuma kabisa. Asafu alisimama kabla ya kuitwa.

"Sikuurina mzinga wa Mama Keziya," alisema. "Mwaka ule sikuwepo hapa, mke wangu ni shahidi. Nilisema uongo mbele yenu, nikausema tena katika vijiji vitatu. Nilitaka mniimbie."

Hakuna aliyeimba. Hapakuwa na wimbo uliotungwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo. Na kutoka mahali fulani katikati, mtu akauliza taratibu, si kwa ubaya, "Basi ni nani?"

Vichwa vikaanza kugeuka, kimoja, kisha viwili, kisha safu nzima, kuelekea nyuma. Lugome alivaa kofia yake. Aliweka mikono juu ya magoti kama mtu anayetaka kunyanyuka. Asafu aliiona mikono ile, na moyo wake ukamwambia: umemrudisha, sasa umemfukuza kwa mkono wako mwenyewe.

Siku zile wanaume walikaa upande wao na wanawake upande wao, na katikati palikuwa na njia ambayo hakuna mwanamke aliyeivuka tangu shule ile ijengwe. Mama Keziya aliinuka kwenye benchi la wanawake. Alijitanda kanga yake vizuri. Akaivuka ile njia, akapita mbele ya wanaume mmoja mmoja, magoti yao yakimpisha, mpaka akafika nyuma.

"Shemeji," Lugome alimnong'oneza, "huku ni kwa wanaume."

"Najua. Sogea."

Lugome alisogea. Mama Keziya akaketi ubavuni pake, akatazama mbele. Vichwa vikarudi mbele, kimoja kimoja. Lugome akavua kofia.

Mwalimu Hezroni akamgeukia Asafu, akasema, "Ndugu Asafu, nilikudai mzigo, nawe ukaenda kuutafuta. Sehemu ya uongo huu ni yangu." Kisha akasema, "Leo tusiimbe. Tukae tu." Wakakaa kimya, wote pamoja, mpaka kivuli cha paa kikafika mlangoni.

Aliyeurina mzinga ule hajajulikana mpaka leo. Asafu aliishi miaka mingi, na vijana walipomuuliza kama uongo wake ulikuwa mwema, kwa kuwa ulipatanisha, alisema hajui. Loisi alisimulia kwamba katika sala zake Asafu alisema, "Nakushukuru kwa lililotokea," na papo hapo, "Nisamehe nililolifanya." Mara nyingi alikwama, asijue lipi litangulie.

Ndugu yangu unayesoma, tusiharakishe kumjibia. Tumezoea kungoja tuelewe kwanza ndipo tutii, naye hakungoja. Mwenyezi Mungu amrehemu Asafu, na atujalie sisi kusema kweli hata siku ile tusiyojua kweli hiyo itatupeleka wapi.