Tope Aliyerudi Akiwa Jiwe

Figa lilipasuka kama risasi. Sufuria ikalala ubavu, maharagwe ya watu wa matanga yakaingia jivuni yote, na mimi nimesimama pembeni na mwiko mkononi kama askari aliyeibiwa lindoni. Mafiga yale niliyatoa mimi mtoni asubuhi ile, laini, ya mviringo, bado yanachuruzika maji. Yale ya zamani ya marehemu dada yangu, meusi kwa masizi, nilikuwa nimeyatupa korongoni ili jiko lipendeze.

"Umefika Juba, umefika Lubumbashi," akaniambia jirani yetu Mama Mwaluma, akiokota vipande. "Jikoni ndiko hujafika."

Watoto wakacheka, isipokuwa Wakesho, binti wa marehemu. Huyo hakuwa amecheka tangu mazishi. Nikawakusanya kando ya ghala wasubiri sufuria ya pili, maana aliyemwaga chakula cha watu angalau awape maneno.

"Nawapa kale," nikasema.

"Tupe tuikalie," wakaitika.

Kale hiyo, wanangu, milima hii ya Taita haijawa milima. Hapa mlipokaa palikuwa bahari. Mnacheka? Bahari, na Mama Mto akishuka kuilisha. Mto alikuwa na watoto wawili, Mchanga na mdogo wake Tope. Tope alikuwa laini, mweusi, mwoga. Ukimgusa, alama ya kidole chako inabaki. Mama yao akawalaza chini kabisa, gizani, akasema, "Laleni. Nitakuja kuwachukua."

Wakalala. Mama hakuja. Walikuja wengine wakalala juu yao, na wengine juu ya hao. Uzito ukaja, joto likaja, wakashuka.

Halafu nchi ya mawio na nchi ya machweo zikaanza kusogeleana, polepole kama kucha zinavyoota. Bahari ikabanwa katikati hata ikaisha. Milima ikasimama juu ya wale watoto, mirefu kuliko hii mnayoiona. Uzito ukaja, joto likaja, wakashuka.

Huko chini, wanangu, hakuna moto wa kuona. Kuna joto tu, joto la giza, kama ndani ya chungu kilichofunikwa. Tope akasema, "Kaka, nageuka. Mama akija hatanijua."

"Nishike," Mchanga akamwambia.

Wakashikana. Wakakandwa kama unga wa chapati, wakavutwa, wakakunjwa, wakavutwa tena, hata wakawa kitu kimoja chenye milia: mweupe Mchanga, mweusi Tope. Na Tope alipolia, machozi yake hayakupata pa kutiririkia. Yaliganda humo humo ndani yake, yakawa punje nyekundu. Mmeziona kwenye miamba ya huko juu. Mlidhani ni nini?

Wakakaa hivyo. Msiniulize muda gani, mimi hata umri wangu naukisia. Mvua ikaila ile milima iliyowalalia, kidogo kidogo, na mzigo ulivyopungua wao wakainuka. Uzito ukatoka, joto likatoka, wakapanda. Hata siku moja jua likawapiga usoni, na bondeni kule Tope akamwona mama yake anapita.

"Mama," akaita. "Ni mimi."

Mto akatazama juu. "Mimi nilizaa tope," akasema. "Wewe ni jiwe." Akapita.

Mpaka leo anapita. Mvua ikimkwangua Tope, punje moja huteremka hadi mtoni, na mama huibeba asijue amembeba nani.

Ndiyo hivyo, wanangu. Kilichopita kwenye joto lile hakirudi kuwa kilivyokuwa, na hata mama yake hakitambui. Ila moto wa jikoni haukipasui. Kale nimeitua hapa. Mwenye mabega aibebe.

Wakesho alikuwa anachora chini kwa kijiti. Bila kuinua macho akaniuliza mafiga ya mama yake yalitoka wapi. Nikamwambia aliyateremsha mwenyewe kutoka mlimani, kichwani, moja moja, alipoanza nyumba yake, kama wanawake wa hapa wanavyofanya.

"Yana milia?"

"Chini ya masizi, ndiyo. Yana milia."

"Basi kayalete."