Ngoma Iliyonyamaza Kabla ya Kipenga

Hapo zamani, na atakayecheka namtoa nje, maana zamani yenyewe ni juzi tu, kulikuwa na chuo kinaitwa Itamba, kule nyanda za juu ambako hata Januari mtu analala na soksi. Mpo? Semeni mpo, mimi siongei na kuta. Haya. Hapo Itamba watu walisoma, ndiyo, walisoma kwa sababu wazazi waliwatuma. Lakini walichokipenda ni mpira wa kikapu. Ijumaa jioni ukienda maktaba unamkuta mlinzi peke yake, na yeye kasimama mlangoni shingo imegeukia uwanjani.

Sasa kulikuwa na msichana, Kabula, ametoka Bariadi. Mpole huyo! Muhula mzima wa kwanza alikula chakula chake kitandani, sahani mapajani, mlango umefungwa. Si kwamba alijivuna, hapana. Hakujua tu mtu anaanzaje kuzungumza na watu asiowajua. Ijumaa moja akafuata kelele mpaka uwanjani. Mpiga ngoma wa mashabiki anaumwa malaria, ngoma imelala chini, timu inafungwa, watu wamenyong'onyea. Kabula akaitazama ngoma, akaitazama timu, akashindwa kuvumilia. Akaishika. Jamani! Jukwaa zima liliinuka.

Tangu siku ile akawa Kabula wa Ngoma. Akienda kantini anaitwa, akipita bwenini anaitwa, akienda kuchota maji anaitwa. Mnajua raha ya kuitwa jina na watu kila unapopita, kwa mtu ambaye alikuwa haitwi na yeyote? Basi. Na katika wote waliomwita, wawili wakawa rafiki zake wa kufa na kuzikana.

Mmoja ni Lusajo, kijana wa Tukuyu. Huyu alikuwa mchezaji mzuri mpaka goti lilipomharibikia. Hakuweza tena kukimbia, na hakuweza kukaa mbali na mpira, basi wakampa kazi ya kukaa mezani kutunza muda. Wa pili ni Mwombeki, Mhaya, mrefu, maneno mengi, na ndiye mchezaji ambaye Itamba ilimtegemea. Watatu hao walikula sinia moja. Ukimwona mmoja, geuka, wenzake wako nyuma.

Sasa hapa msisinzie, hapa ndipo penye kazi. Saa kubwa ya uwanjani ilikuwa imekufa. Ilinyeshewa, ikafa, uongozi ukaahidi, ikabaki imekufa. Kwa hiyo Itamba wakajitengenezea utaratibu wao. Lusajo anakaa mezani na saa ya mkononi. Zikibaki sekunde kumi, anainua kitambaa chekundu. Kabula akikiona kitambaa, anapiga ngoma, pigo moja kila sekunde, na jukwaa zima linahesabu naye kwa sauti: kumi! tisa! nane! Ikifika moja ngoma inanyamaza, Lusajo anagonga meza kwamba muda umeisha, na refa anapuliza kipenga. Mchezaji hana haja ya kugeuza shingo kutafuta muda. Anasikiliza tu.

Utaratibu mzuri, eti? Mzuri kweli. Ila wale watu watatu, kila mmoja alikuwa na la kwake.

Kabula aliupenda mchezo mno. Badala ya kuangalia kitambaa, anaangalia mpira! Mpaka jirani amfinye, "Dada, kitambaa!" ndipo anapoanza kupiga, amechelewa. Lusajo akaliona hilo. Hakumgombeza. Akaanza kuinua kitambaa mapema kidogo, zikiwa zimebaki sekunde kumi na mbili, ili Kabula akichelewa hesabu ije sawa. Hakumwambia mtu. Aliona haya kumwambia rafiki yake kwamba anamfichia kosa.

Na Mwombeki je? Mwombeki hakuiamini ngoma hata kidogo. Alikuwa anasema, "Ngoma ni ya mashabiki, kipenga ni cha refa." Ngoma ikinyamaza, yeye bado amekumbatia mpira mpaka asikie kipenga.

Basi Lusajo aliwahi, Kabula alichelewa, Mwombeki alingoja. Wiki hii Lusajo aliwahi, Kabula alichelewa, Mwombeki alingoja. Wiki ijayo vilevile. Na Itamba wakashinda, wakashinda, mpaka fainali, na fainali ni na Kilumba. Kilumba! Hao watu siwapendi mpaka leo.

Siku moja kabla ya fainali, watatu wako kantini, sinia katikati, wali na maharage. Lusajo akacheka akasema, "Dada Kabula, kesho usinichelewee, mwenzio. Kesho ni fainali." Utani tu. Alikuwa anamtania hivyo kila mara, wala hakutegemea lolote. Kisha akainuka kwenda kunawa.

Lakini Kabula siku hiyo utani ulimwingia. Akaapa moyoni: kesho sichelewi. Kesho siangalii mpira, naangalia mkono wa Lusajo. Halafu akamgeukia Mwombeki. "Na wewe kaka, nusu fainali ngoma yangu ilinyamaza, wewe umekumbatia mpira kama mama mwenye mtoto mgonjwa. Watu wakakucheka. Huniamini?"

Mwombeki akacheka. Akaona mwenzake hacheki. Akaacha kucheka.

"Nakuamini."

"Huniamini. Ungeniamini ungeachia."

"Haya basi. Kesho ngoma yako ikinyamaza, mpira naurusha juu mbele ya watu wote. Umeridhika?"

Kabula akatabasamu, akamsogezea maharage upande wake. Lusajo akarudi, mikono inadondoka maji, akaona wamefurahi, naye akafurahi. Hakuuliza kilichowafurahisha.

Siku ya fainali. We! Watu waliopanda miti walipanda, waliokalia ukuta waliukalia. Dakika za mwisho Itamba wako mbele kwa pointi moja. Kila mtu anaangalia mpira, isipokuwa Kabula. Kabula, haangalii mpira! Macho yako kwenye mkono wa Lusajo, hapepesi.

Lusajo, kama kawaida yake, akawahi. Akainua kitambaa. Na papo hapo, hata hakijafika juu, du! ngoma ikalia. Kumi!

Lusajo akashtuka. Afanye nini? Ashushe kitambaa? Kimeshapanda. Apige kelele? Nani amsikie, watu wanahesabu kwa mapafu yote? Akabaki ameinua mkono, mdomo wazi. Saba! Sita! Kilumba wakarusha, mpira ukagonga chuma, Mwombeki akaruka akaudaka chini ya kikapu chetu wenyewe. Tatu! Mbili! Moja!

Ngoma ikanyamaza. Mwombeki akakumbuka ahadi. Akaurusha mpira juu.

Nimewaambia kipenga kililia? Sijawaambia. Hakikulia. Mpira ulipanda, ukashuka, ukamwangukia mikononi kijana mmoja wa Kilumba, mrefu, ambaye yeye hakuwa amemwahidi mtu chochote. Akauweka kikapuni taratibu, kama mtu anayerudisha kikombe kabatini. Ndipo kipenga kikalia. Nililia mimi, sioni haya kusema, nililia mpaka kamasi.

Sasa Itamba wana mila yao. Timu ikiponzwa, mashabiki wanakaa baraza uwanjani, na aliyeiponza huvua raba zake na kuziweka kwenye mstari. Mwenyekiti anazichukua, na mwenye raba hakanyagi tena uwanja huo mpaka ahitimu. Si kucheza, si kukaa mezani, si kupiga ngoma, wala kuja kutazama. Na ni jozi moja tu. Mila haijui jozi mbili, kwa sababu, wanasema, kosa la wote ni kosa la hakuna mtu.

Mwenyekiti alikuwa Siwema, mwanafunzi wa sheria mwaka wa nne, mwanamke mwenye sauti ya kumnyamazisha mbwa. Kesho yake akawaita wote watatu katikati. "Semeni."

Akasema Lusajo: "Mimi nimefanya nilichofanya msimu mzima. Niliwahi kwa sababu Kabula huchelewa. Kuwahi kwangu ndiko kulikowafikisha fainali. Aliyebadilika jana si mimi."

"Kwa nini hukumwambia kwamba unawahi?"

"Ningemwambiaje, dada Siwema? Angeona haya, angeiacha ngoma."

Watu wakasema, "Kweli!"

Akasema Kabula: "Kazi ya mpiga ngoma ni kuona kitambaa na kupiga. Jana nimekiona na nimepiga. Msimu mzima nilikosea, hamkunihukumu. Siku moja niliyofanya kazi yangu sawasawa, ndiyo mnanihukumu?"

"Kwa nini hukumwambia Lusajo kwamba utaangalia?"

"Nimwambie nini tena? Yeye mwenyewe si ndiye aliyeniambia nisichelewe?"

Watu wakasema, "Kweli!"

Akasema Mwombeki: "Mimi uwanjani sina saa, nina masikio. Ngoma imenyamaza, chuo kizima kimesema moja."

"Kanuni ni kipenga, Mwombeki. Mtoto wa chekechea anajua."

"Najua. Na nilipokuwa nangoja kipenga, nani alinicheka? Si nyinyi? Rafiki yangu aliniomba nimwamini. Nikamwamini. Kumbe kumwamini mtu ni kosa?"

Watu wakasema, "Kweli!"

Kila anayesema, kweli. Sasa kweli tatu utazipikia sufuria moja? Mimi kichwa kilianza kuniuma. Jirani yangu akaniuliza, "We unaona nani?" Nikamwambia Lusajo. Kisha nikamwambia hapana, Mwombeki. Akaniambia, "Mwenzangu, na mimi nilikuwa kwa Mwombeki, nimehamia kwa Kabula, sasa sijui niko wapi."

Lakini watu wengi wakichoka kufikiri, hushika kilicho karibu. Wao walichosikia ni ngoma. Mmoja akapaza sauti, "Ngoma ndiyo iliyotudanganya!" Mwingine akaitikia. Mara uwanja mzima: "Raba! Raba! Raba!" Na wanaopiga kelele ni walewale waliokuwa wanamwita Kabula, Kabula, kila anapopita.

Kabula hakulia. Aliinama akafungua kamba za raba zake, akaziweka mstarini, akasema kwa sauti ndogo, hata si kwetu alisema, "Haya. Nitarudi kula kitandani."

Lusajo alimsikia. Akakaa chini kwa shida, kwa ajili ya goti lile, akavua raba zake, akaziweka kando ya zile. "Zake mrudishieni," akasema. "Nilisikia ngoma imewahi. Mtu pekee uwanja mzima aliyejua muda bado ni mimi. Ningeweza kuinuka nikapunga mikono, nikaingia hata uwanjani. Nilikaa."

Mwombeki naye akavua. Raba kubwa kama mitumbwi. "Hawa wawili hakuna aliyeshika mpira," akasema. "Mpira niliushika mimi. Ningeubana kifuani kidogo tu, leo tungekuwa tunacheza muziki hapa."

Hapo ndipo Kabula alipowaka. Yule mpole! "Msinifanyie hisani!" akafoka. "Hisani ndiyo iliyotufikisha hapa! Lusajo ananifichia, Mwombeki ananiridhisha, na mimi najirekebisha kimya kimya ili nimpendeze kila mtu! Hakuna aliyemwambia mwenzake neno! Ondoeni raba zenu!"

"Siondoi," akasema Lusajo.

"Wala mimi," akasema Mwombeki.

Mnaona maajabu hayo? Saa ile ile kila mmoja alikuwa anakana, sasa kila mmoja anagombea kosa kama watoto wanaogombea ukoko. Watu wakapigwa na butwaa. Waliokuwa wanapiga kelele wakawa wanaangalia vidole vyao. Wengine wakataka kuondoka, lakini kwa mila, baraza halivunjwi mpaka raba zichukuliwe.

Siwema akasimama mstarini. Akamtazama Mwombeki. Huyu akitoka, mwaka kesho timu haipo, na aliyerusha mpira ni yeye, hakuna ubishi. Akamtazama Lusajo. Huyu mpira wote uliombakia duniani ni ile meza. Lakini yeye ndiye aliyejua, akanyamaza msimu mzima, akanyamaza tena siku ya fainali. Akamtazama Kabula, amesimama na soksi kwenye saruji ya baridi. Huyu akitoka uwanjani anarudi nyuma ya mlango uliofungwa, na safari hii huenda asitoke. Lakini yeye ndiye aliyemwomba Mwombeki aachie, na ndiye aliyebadilika bila kusema.

"Mungu wangu," Siwema akasema, na nilikuwa sijawahi kumsikia anaomba msaada wa mtu yeyote. Akainama.

Haya, sasa ni zamu yenu. Na msiniletee ujanja. Usiniambie achukue zote, mila inataka jozi moja. Usiniambie aziache zote, baraza limekaa, watu wanangoja. Wala usiniulize mimi, mimi nimeshawahukumu wote watatu na nimeshawasamehe wote watatu, na bado sielewi.

Mkono wa Siwema uko juu ya raba. Rafiki aliyemfichia mwenzake, rafiki aliyejirekebisha, na rafiki aliyeamini: je, nani alistahili kuondoka uwanjani peku?