Fimbo ya Maduhu

Mtu mmoja, jina lake Maduhu, alikuwa na fimbo ya mpingo iliyozungushiwa waya wa shaba kichwani, na hapakuwa na mwingine mwenye fimbo kama hiyo. Alichunga ng'ombe mbali na nyumbani. Kila alipohitaji kitu, alimkabidhi fimbo yeyote anayeelekea kwao, na mkewe, Minza, akiiona tu alitoa: unga, blanketi, dawa ya kupe. Hakuuliza neno. Waliaminiana hivyo miaka mingi, na hiyo ndiyo ilikuwa raha yao.

Lakini Maduhu alikuwa na mdomo. Siku ya mnada, akishaonja pombe, aliinua ile fimbo akawaambia hata watu asiowajua: hii ndiyo mimi, ikifika kwangu nimefika. Kisha aliiegemeza ukutani akaenda zake kutazama madume ya ng'ombe. Nani aibe fimbo, jamani?

Basi siku moja mgeni akamjia Minza anahema, fimbo mkononi. Akasema Maduhu amekamatwa mnadani, anamtaka yule ng'ombe wa maziwa alipe faini, tena upesi, la sivyo atalala ndani. Minza akasita. Ng'ombe aliyebaki nyumbani ni huyo mmoja, na binti yao mdogo alikuwa ndiyo kwanza ametoka kuugua, tumbo lake halikubali kitu kingine ila maziwa. Moyo ulimwambia asubiri. Mgeni akamwambia kusubiri ni kumtupa mumewe. Akaitazama fimbo; ilikuwa yenyewe. Akafungua kamba kwa mikono yake.

Jioni Maduhu akarudi mzima wa afya, mikono mitupu. Aliposema fimbo yake imeibwa mnadani, Minza akaelewa yote, akaketi chini akamsimulia huku akilia. Alijua atatukanwa, pengine atarudishwa kwao. Ndani mtoto alikuwa akilia njaa. Maduhu, tusifichane, alitaka kufoka. Kisha akaketi kando ya mkewe, akamfuta machozi kwa kiganja, akasema, "Hukumpa mgeni, mke wangu. Ulinipa mimi, na mimi ndiye niliyejiacha ukutani."

Ng'ombe hakuonekana tena. Jirani aliwagawia maziwa mpaka mtoto akapata nguvu. Nao wakakubaliana kwamba fimbo peke yake haitoshi: atakayefika, awe nani, ataulizwa jambo wanalolijua wao wawili tu, na mwenye haraka atangoja nje. Siku moja Maduhu mwenyewe alibisha hodi, mvua inamnyeshea, amechoka hoi. Minza aliijua sauti ya mumewe, na bado akamuuliza kabla ya kutoa komeo. Mume akajibu polepole, maji yakimchuruzika shingoni, na mke akasikia kwamba anajibu kwa furaha.

Ndugu yangu, nawe ukiulizwa mlangoni pako mwenyewe, utanuna au utashukuru?