Nakijwa na Saa ya Uchungu

Saa ya uchungu, muulize mwenye tumbo. Mmeisikia methali hii leo, wanangu, mkataka kujua imetoka wapi. Sikilizeni, ilianza hivi.

Huko Upareni aliishi mama mmoja, Naetwe. Katika uzazi wake wa kwanza alicheleweshwa nyumbani, akarudi kutoka hospitali mikono mitupu. Kwa hiyo mkamwana wake, Nakijwa, alipokunja uso kwa uchungu wa kwanza, Naetwe hakungoja hata chai ichemke. Alimkokota hadi hospitali.

Mkunga, Bi Ndeshi, alimpima Nakijwa, akasikiliza moyo wa mtoto, akatabasamu. "Wote wazima. Njia bado haijafunguka."

"Basi mchome sindano ya kuongeza uchungu," Naetwe akasihi.

"Mtoto hajachelewa, mama. Tumsukumie nini? Pumzikeni hapo jirani. Uchungu ukikaza, chupa ikipasuka, mkiona damu, au mtoto akipunguza kucheza, njooni mbio."

Wakaenda kwa shangazi yake Naetwe, karibu na soko. Nakijwa akanywa uji, akazungukazunguka uani, na kila uchungu ulipokuja akaegemea ukuta, akapumua taratibu. Naetwe alimtazama akistaajabu. Yeye mwenyewe hakutulia hata dakika.

Alasiri, Nakijwa akashika tumbo. "Twende, mama. Mtoto hachezi kama asubuhi."

Naetwe akasita. Aliwaza watu watakavyowacheka wakirudishwa tena. "Uchungu wenyewe haujakaza, mwanangu. Tungoje kidogo."

"Aibu nitaibeba mimi, mama. Anayemsikia mtoto huyu ni mimi."

Akatangulia kutoka. Naetwe akafuata mbio, kanga mkononi.

Bi Ndeshi hakuwauliza kwa nini wamerudi. Aliuliza tu, "Umesikia nini?" Kisha akatega sikio tumboni. Moyo wa mtoto ulikuwa ukipiga kwa kujikokota. Daktari akaitwa, akamweleza Nakijwa kwamba inafaa apasuliwe mara moja.

"Nipasueni," Nakijwa akasema, wala sauti haikutetemeka.

Naetwe alikaa nje, kidevu magotini, hadi aliposikia kilio chembamba cha mtoto wa kike. Akalia naye.

Majirani walipokuja kutoa hongera, walimsifu Naetwe: mama mkwe hodari, aliyejua saa ya kumpeleka mkwewe.

"Mimi?" akasema. "Mimi nilimharakisha, kisha nikataka kumchelewesha. Saa ya uchungu, muulize mwenye tumbo."