Radi Yapata Sauti Yake

Msanii hutunukiwa kwanza na watu anaowafahamu, wanaomfahamu. Wahenga hawakupayuka waliposema hivyo. Asiyeamini na aiulize bendi ya Radi.

Nyuzi, mpiga gitaa, alikuwa na vidole vyepesi kama cheche na kichwa kigumu kama jiwe. Aliiunda bendi na dada yake, mwimbaji, na binamu yao, mpiga ngoma. Mavazi yao aliyashona mama yake Nyuzi, fundi cherehani. Roki ilipokuwa ya magitaa yanayonguruma, aliwashonea jaketi za vifungo vya chuma. Upepo ukageuka, vinanda vya umeme vikatamba. Akawashonea makoti ya mabega mapana. Miaka kumi haijatimia, roki ikawa ya mayowe na matambara. Wakamletea suruali mpya azichane.

"Mimi nashona, wanangu!" aling'aka. "Leo mnanituma kurarua?"

"Ndiyo mtindo, Mama."

"Mtindo wa nani? Kila mara nawapima upya, na kila mara mnaimba kwa mdomo wa kuazima!"

Nyuzi alinywea. Ukumbi mpya wa mtaa ulikuwa unatafuta bendi ya ufunguzi, na dada yake alishaapa: "Tukikosa nafasi hii, kaka, naacha. Nimechoka kuimba maneno ya kigeni nisiyoyaelewa."

Basi Nyuzi akajifungia chumbani, akatunga kwa Kiswahili: foleni ya bombani, ndoo zinazogombana, vicheko vya majirani. Gitaa hakulilainisha hata chembe.

Siku ya majaribio, bendi zilizotangulia zilivaa matambara yaleyale na kupiga mayowe yaleyale. Watu wa mtaa waliokuja kutazama walipiga miayo. Mwenye ukumbi alipowaona Radi na nguo zao za kila siku, akaguna, "Nyie mmetoka wapi?"

"Mtaa huuhuu, mzee," Nyuzi alijibu, kifua mbele. "Tega sikio."

Gitaa likapasua hewa. Dada akaimba bila kutafuna neno. Ubeti wa pili haujaisha, mwanamke mmoja akapaza sauti, "Jamani, hilo si bomba letu?" Kicheko kikalipuka, kiitikio kikadakwa, ukumbi mzima ukasimama.

"Ufunguzi ni wenu," mwenye ukumbi alisema, akifuta jasho. "Na kila Jumamosi baada ya hapo."

"Bado unaacha?" Nyuzi alimuuliza dada yake.

"Niache nini? Tunga nyingine, bwana!"

Bendi ilikuwa imenyamaza, lakini watu waliendelea kuimba wimbo wao. Ama kweli, mcheza kwao hutunzwa.