Mnunuzi wa Kiwanja cha Bwawani

Bwana Mkwiji alikusudia kufukia bwawa la viboko ili auze viwanja, na masika maji yangekosa pa kukaa yakaingia nyumbani kwa Bi Sikudhani. Siku ya mauzo Bi Sikudhani alifika amejipamba.

"Mwanangu, nipe kile cha bwawani."

"Karibu, mama! Unajenga?"

"Nafuga kambare. Masika maji yanafika kiunoni, sina haja ya kuchimba."

Wanunuzi wakatazamana.

"Mama, taratibu!"

"Au nipe viwili, viboko nao wapate sebule."

"Bwawa haliuzwi!" akafoka Bwana Mkwiji. "Pale tumewaachia viboko!"

"Basi mpimaji wako huyo aandike hivyo kwenye ramani, nisirudi kukusumbua."

Mpimaji akaandika, Bwana Mkwiji akatia sahihi upesi. Bi Sikudhani, ambaye hata harufu ya kambare humtia kichefuchefu, akaenda zake.