Rambirambi ya Wakala

Wapendwa, mniazime masikio kidogo, nina mama mmoja wa kuwasimulia. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni, amebakiza miaka sita astaafu. Akiba yake ya uzeeni, shilingi milioni nne, aliiweka kwenye kampuni moja mjini. Hakutaka kuzeeka huku akiwapigia watoto simu za kuomba sukari.

Siku moja binti wa kaka yake alimwonyesha mfuko mwingine wa akiba, wa kwenye simu.

"Shangazi, hawa kwa kila shilingi mia wanakata nusu shilingi kwa mwaka. Wa kwako wanakata tatu."

"Tatu ni kitu gani? Hata pipi hununui."

"Ni tatu katika kila mia ya akiba yote, kila mwaka, hata mwaka ambao haijakua. Kama mtu anayechota kwenye sufuria yako ya ugali kabla wanafunzi hawajapanga foleni."

Mama alichanganyikiwa. Akachukua karatasi zote mbili, akazisoma, akazigeuza, akazisoma tena. Asilimia hapa, makato pale. Nani kati yetu hajawahi kutia sahihi karatasi asiyoielewa? Mwishowe akashika lile alilolielewa.

"Mama yangu alipofariki mwaka jana, wakala wa kampuni yangu alikuja msibani. Alileta rambirambi elfu themanini, ikatangazwa kwenye kipaza sauti. Hiyo ya kwenye simu itakuja kumzika nani?"

"Shangazi, unatafuta akiba ya uzeeni au wabeba jeneza?"

"Usinicheke. Mtu aliyekuja msibani kwangu simwachi hivi hivi."

Binti hakubishana. Alichukua taarifa ya mwaka ule wa msiba, akaweka kidole kwenye mstari mmoja: makato ya huduma, shilingi laki moja na ishirini elfu.

Kesho yake mama akaomba ruhusa kazini, akapanda gari hadi ofisini kwa wakala.

"Baba, ile rambirambi uliyoniletea ilitoka wapi?"

"Fungu la ofisi, mama. Tunawajali wateja."

"Na fungu la ofisi linajazwa na nani?"

Wakala akacheka kidogo. "Na wateja wenyewe, mama."

Basi mama akarudi hajui akasirike au ashukuru. Hakuibiwa, yote yalikuwa kwenye karatasi aliyotia sahihi. Wakala alikuja kweli, alikaa kwenye mkeka, alikula wali na waombolezaji. Lakini zile elfu themanini zilikuwa zake mwenyewe, na alisimama mbele za watu akazishukuru. Wiki ile ile alihamisha akiba yake.

Naona mnacheka. Mnamcheka wakala, na kila mmoja hapa anajiona ni yule mama aliyeliwa. Ngojeni kwanza.

Pumzi unayovuta asubuhi ni ya nani? Mikono unayofanyia kazi uliinunua duka gani? Tunachota kwa Mungu mwaka mzima, mwaka wa mavuno na mwaka wa njaa, kisha Jumapili moja tunamletea mifuko miwili ya saruji ya kujengea kanisa na tunataka majina yetu yasomwe. Yasiposomwa, tunanuna hadi Pasaka. Mimi mwenyewe nilinuna, na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi yuko hapa, atawaambia. Nilipofika nyumbani nikajiuliza nimenuna kwa ajili ya saruji ya nani.

Sisi si yule mama, wapendwa. Sisi ndio wakala. Mwenye akiba yuko juu, na taarifa ya makato anayo. Hajaja bado kuuliza.

Siku akiamua kuhamisha kilicho chake kutoka mikononi mwetu, tutabaki tumeshika nini?